Chini ya Karatasi ya Buluu

Likasi, Kikula
Jumanne, 5 Agosti 2025

Wifi yangu mheshimiwa, Dada Zuhura,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya mzee wetu Baba Nasoro, ambaye tunamwombea asubuhi na jioni mkono wake wa kuume uliopooza upate tena uhai. Maadamu simu yako imelala chini ya maji ya ziwa Tshangalele, Nicolas, dereva wa gari la samaki, amekubali kuwa tarishi wetu kila Jumanne na Ijumaa. Ametuonya tu kwamba barua zitanuka samaki.

Naomba ruhusa nikutolee taarifa ya nyumba yako. Tangu uende kumuuguza mzazi wako, na kaka yangu Yassine akiwa bado njiani na lori lake kati ya Kasumbalesa na Dar es Salaam, nimeona ni wajibu wangu, mimi niliyepata shahada ya usimamizi mwezi wa sita, kuyaleta hapa nyumbani yale niliyofundishwa Lubumbashi. Nimebandika ukutani ratiba tatu: ya kuamka, ya kuchota maji na ya kurudia masomo. Kwa kuwa mwanao Moussa hajawa msomaji hodari, yake nimemchorea: jua, ndoo, sahani ya bukari ya mahindi. Mpira ameuongeza mwenyewe kwa kipande cha makaa.

Mashati meupe ya dada yake Dunia yamefuliwa na kunyooshwa. Upindo wa sketi yake ya buluu nimeuteremsha, kwa maana tangu Pasaka miguu yake imerefuka kama ya korongo. Mkoba wa Moussa umeshonwa mshipi mpya. Nimelifungua pia kabati kubwa la chumbani kwako, nikalikuta limejaa madaftari ya zamani, tangu Dunia alipoanza darasa la kwanza. Katika fani yetu tunafundishwa kwamba kitu kisichotumika ni mzigo kwa kitu kinachotumika. Basi yote nimempa Mama Clémentine, muuza karanga wa sokoni, naye akatushukuru kwa sahani mbili za karanga. Moussa alifurahi kuona karanga zake zimefungwa ndani ya hesabu zake mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Dunia anaingia mwaka wa saba katika shule mpya, ng'ambo ya reli. Madaftari yake tisa nimekwisha kuyavika karatasi ya buluu. Lakini nilipochukua kalamu niandike jina lake kwenye lebo, alizifunika kwa viganja vyote viwili. Anasema lebo huandikwa na Mama, kwa ile D kubwa yenye mkia unaozunguka, na kwamba shule ambayo Mama hakuiandikia lebo yeye haiingii. Ninazituma tisa zake na nne za Moussa. Tafadhali uziandike, Nicolas azirudishe Ijumaa.

Wako katika utii,
Khadija Ramazani
Mhitimu wa Usimamizi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi


Tshangalele
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Khadija, mdogo wangu,

Usishangae mwandiko. Huu ni wa Jenny, muuguzi wa dispensari ya hapa kijijini. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu wa kuume niliuunguza kwa mafuta ya kukaangia samaki. Si jambo kubwa, lakini kalamu siwezi kuishika. Kwa hiyo lebo nakurudishia tupu. Ziandike wewe. Wewe ni msomi, mwandiko wako hauwezi kutia aibu.

Baba anakula vizuri. Mguu umeanza kumtii, mkono bado. Asubuhi anakaa mlangoni, kalamu yake ya wino mfukoni mwa shati, kama bado ni karani wa stesheni na treni inakaribia. Wavuvi wanampa salamu, naye anawajibu kwa kichwa.

Nasikia vumbi la Agosti la Likasi hadi huku. Umekwisha kupaka sakafu rangi nyekundu? Siku hizi za kungoja shule ndizo nilizokuwa nikizipenda kuliko sikukuu. Nyumba inanuka sabuni, karatasi mpya, na mafuta ya nywele. Ijumaa ya mwisho kabla ya shule, Moussa apelekwe kunyolewa na Dunia akasukwe, wote kwa wakati mmoja. Usiubadilishe utaratibu huo, hata kama ratiba yako inasema vingine.

Na yale madaftari ya kabatini. Nenda kwa Clémentine leo hii. Yaliyobaki yarudishe, hata kama ni jalada tupu. Usiniulize sababu.

Zuhura


Likasi, Kikula
Jumanne, 12 Agosti 2025

Dada Zuhura mpendwa,

Nimeipokea barua yako kwa heshima, na kwa fadhaa kidogo kuhusu kabati. Ikiwa nimevuka mpaka, naomba radhi. Nilikwenda sokoni siku ileile. Majirani zake walinieleza kwamba Mama Clémentine amekwenda Kambove kwenye msiba wa shangazi yake, na meza yake imefunikwa turubai hadi atakaporudi baada ya matanga. Nitarudi. Sikudhani karatasi zilizokwisha kuandikwa zingekuwa na thamani hiyo kwako.

Habari ya kuungua kwako imemshtua Dunia kuliko nilivyotazamia. Aliisoma barua mara mbili, akauliza huyo Jenny ni nani, na kama anaandika vizuri ni kwa nini D yake haina mkia. Kisha akaanza kunihoji: nani anapika huko? Nani anamgeuza Babu kitandani? Anakutumia chupa hii ya asali, aliyoambiwa kwamba huponya ngozi, na kitambaa safi alichokipiga pasi mwenyewe. Usiangalie upande ulioungua. Makaa yalikuwa mengi mno.

Tulipokuwa tukipaka sakafu alinisimulia jinsi mwisho wa Agosti ulivyokuwa kila mwaka: unawatuma asubuhi kunyolewa na kusukwa, wakirudi vichwa vyao vikinuka mafuta wanakuta lebo zimepangwa mezani kama sahani za wali wa harusi, na Babu, aliyefika kutoka ziwani na kikapu cha samaki, ameketi akinywa chai. Nilimsikiliza nikakumbuka Agosti zetu wenyewe, mama yangu akipima viatu vyetu kwa kamba ya katani kwa sababu miguu ya watoto watano haikuweza kwenda sokoni kwa siku moja. Hatukuwa na ratiba ukutani, na hakuna aliyechelewa.

Lebo bado tupu. Dunia amesema atangoja mkono upone.

Mdogo wako,
Khadija Ramazani
Mhitimu wa Usimamizi


Tshangalele
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Khadija,

Asali imefika. Mwambie Dunia imenisaidia. Mkono unapona polepole, lakini usimpe tumaini la lebo. Ziandike wewe, kisha mwambie nimekuagiza. Mtoto mwenye akili kama yeye hawezi kukosa shule kwa sababu ya mkia wa herufi.

Leo Baba ameomba sombe ya majani ya muhogo. Nimemtwangia sahani nzima, akaimaliza, akaniambia imekuwa laini kama ya marehemu mama yangu. Nilifurahi, basi nakueleza na wewe ufurahi.

Clémentine akirudi, usisahau.

Zuhura, kwa mkono wa Jenny


Likasi, Kikula
Jumanne, 19 Agosti 2025

Wifi yangu,

Nitasema wazi, na unisamehe kwa yale ambayo umri wangu haunipi haki ya kuyasema.

Unaandika kwamba mkono wako hauwezi kuishika kalamu, na katika ukurasa huohuo unaandika kwamba umetwanga sombe. Mtu anayeushika mchi anaweza kuyaandika majina kumi na matatu. Kama wa kuume unauma, yangeandikwa hata kwa mkono wa kushoto, hata kwa herufi zilizopinda. Mtoto asingedai uzuri, angedai mama. Nimejiuliza ni shughuli gani huko ziwani iliyo nzito kuliko hiyo, na sikupata jibu linalonipendeza.

Wakati huo Dunia ameamua. Jana nilikuta mkoba mpya umejaa. Si madaftari: kanga, sufuria ndogo, na chupa nyingine ya asali. Amekwisha kuzungumza na Nicolas. Anataka kupanda gari la Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa, akae huko akipika na kumgeuza Babu hadi upone. Nilimkumbusha kwamba shule inafunguliwa Jumatatu ya tarehe mosi, na kwamba nafasi yake katika shule ile itapewa mwingine ikiwa hataonekana wiki ya kwanza. Wanaoingoja ni wengi. Alinijibu bila kuinua sauti: "Shule itaningoja, Tantine. Mukono ya Mama haiwezi kuningoja."

Siwezi kumfunga kamba. Ninakuomba lebo, Dada, au neno litakalomzuia.

Khadija Ramazani
Mhitimu wa Usimamizi


Tshangalele
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Khadija, mdogo wangu,

Bismillahi. Huu ndio mkono wangu, na haujaungua. Unaona mwenyewe kwamba ni herufi za chuo cha Kurani, zile tulizofundishwa juu ya ubao, zinazotoka kuume kwenda kushoto. Sina nyingine. Zile za shule sizijui, ila D ya Dunia na M ya Moussa, na hizo nazijua kama mtu anavyoijua sura ya jirani bila kulijua jina lake.

Dunia asijue. Nakuomba hilo kwanza, kabla hujaendelea.

Barua yako Jenny aliisoma kwa sauti, kama anavyosoma zote. Alipofika pale pa mkono wa kushoto alisimama, akanitazama, akaimalizia kwa sauti ya chini kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba. Sikukasirika. Ulikuwa ukisema kweli juu ya mwanamke mwingine, yule anayeweza.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane, nami nikabaki na wadogo watatu. Baba alikuwa karani wa stesheni. Watu walitoka mbali kumletea barua za posa awaandikie, kwa sababu mwandiko wake peke yake ulikuwa nusu ya mahari. Kila mwezi wa tisa aliniambia: mwaka huu nisaidie wadogo, mwaka ujao nitakupeleka. Hakuwa mtu mbaya. Ile miaka ilipita tu kama treni za mizigo, ndefu, na mimi nimesimama kando nazihesabu. Mke wa mwalimu wa chuo, pale Kikula, ndiye aliyenichukua alasiri, baada ya vyombo. Nilijifunza alif na mdogo wangu mgongoni. Akilia, nilimtikisa, na herufi yangu ikatikisika naye.

Dunia alipoanza darasa la kwanza, Baba alikuja kutoka ziwani na kikapu cha samaki na kalamu yake. Niliwatuma watoto kwa msusi. Alikaa mezani, mimi nikashika karatasi isiteleze, yeye akaandika, mimi nikapuliza wino ukauke. Watoto waliporudi kalamu ilikuwa imekwisha kurudi mfukoni. Dunia akaziangalia zile lebo, akaniambia, "Mama, weye unaandika kushinda Madame wa shule." Ningesema wakati ule. Baba aligeuza uso dirishani. Sikusema. Mwaka wa pili ilikuwa ngumu zaidi, na mwaka wa sita nilikuwa sijui tena mahali pa kuanzia. Naamini kila lebo ilikuwa namna yake ya kuniomba radhi, na mimi nilikuwa nikimpa kila Agosti.

Sasa mkono ule umelala, na mwandiko ule hautarudi. Ndiyo maana ya kabati, Khadija. Na kuna lingine. Kila mwaka, kabla ya kuvika daftari la kwanza la kila mtoto, niliandika mstari mmoja kwa herufi zangu upande wa ndani wa karatasi ya buluu, pale inapokunjwa, mahali ambapo hakuna anayefungua. Nje kulikuwa na Baba, ndani nilikuwa mimi.

Mtoto wa mwaka wa saba ataletewa kemia na Kiingereza. Ataniangaliaje? Mwambie mkono umepona lakini kazi ni nyingi. Iga ile D kama unaweza. Mzuie asipande gari lile. Mengine nitayabeba mimi.

Zuhura binti Nasoro


Likasi, Kikula
Jumanne, 26 Agosti 2025

Dada Zuhura,

Nimekukosea mara tatu: nilitoa madaftari, nikakuandikia barua ile, na la tatu ndilo kubwa. Jenny atakusomea haya. Mwombe asishushe sauti.

Nilipoifungua barua yako nilitambua alif, nikatambua ba, halafu nikapotea. Mimi niliyehitimu juzuu nikiwa na miaka kumi, baba yangu akachinja mbuzi na kualika mtaa. Nilikuwa nimeziacha herufi zile kwenye ubao ule, nikaamini zitaningoja. Niliona haya kumpelekea mwalimu wa chuo, angeniuliza wasomi siku hizi wanasomaga nini. Dunia alikuwa uani, naye huenda chuo kila Jumamosi na Jumapili. Nikamwita, nikamwambia, "Nisomee, macho yangu yameingia vumbi."

Alisoma akifuata kwa kidole. Alipofika mahali uliposema yeye asijue, kidole kilisimama. Nilidhani neno limemshinda, nikamwambia aliruke. Hakuliruka. Alilisoma, "Dunia asijue," kwa sauti yake ya kawaida, akaendelea. Nilinyoosha mkono kuichukua karatasi, akaisogeza upande wa pili, akasoma hadi jina lako na jina la baba yako.

Kisha akachukua ndoo akaenda kisimani, ingawa ratiba ilisema ni zamu yangu. Aliporudi aliitua, akaniuliza kama ni kweli macho yangu yalikuwa na vumbi. Nilimwambia si kweli, nimezisahau herufi.

"Basi muko wawili," akasema.

Jana Mama Clémentine alirudi. Tulikwenda wote watatu. Kurasa za ndani zimekwisha, Dada, zimetembea mji mzima na karanga. Lakini majalada ya buluu hakuyagusa, kwa sababu karatasi ile ni ngumu, haikunjiki kuwa koni, na rangi yake huchafua karanga. Alikuwa ameyatandika chini ya kikapu. Yalikuwa kumi na moja. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akasema kwamba ameona wengi wakileta madaftari, lakini wa kuyafuata nyuma ni mimi wa kwanza, na ikiwa hiyo ndiyo wanayofundisha Lubumbashi basi wampeleke na yeye.

Dunia aliketi juu ya gunia akaanza kuifungua mikunjo. Nakuandikia aliyoyasoma, kwa kuwa nadhani hujayaona tangu uyaandike.

*Dunia, mwaka wa kwanza. Amekataa kuachia kanga yangu mlangoni.*

*Dunia, mwaka wa tatu. Jino limetoka, anacheka kama mzee.*

*Moussa, mwaka wa kwanza. Leo nyumba imekuwa kubwa.*

*Dunia, mwaka wa sita. Ananisomea gazeti. Natia mikono kwenye unga asije akanipa nisome mimi.*

Hapo aliacha. Moussa aliomba wake usomwe tena, ukasomwa, akauliza nyumba ilipungua lini. Wanunuzi wawili walikuwa wamesimama na sahani zao bila kuagiza. Mimi ndiye niliyelia, si yeye. Aliyakunja majalada yote palepale yalipokuwa yamekunjwa, akayatia chini ya shati.

Mkoba umefunguliwa, sufuria imerudi jikoni. Hajaniambia kwamba hatapanda gari la Ijumaa, wala hajaniambia kwamba Jumatatu ataingia shule. Nimemwuliza mara moja tu. Amenipa lebo zilezile tupu nikutumie, pamoja na jalada moja lenye D ya Babu, ili mzee aone kwamba ipo. Na ujumbe huu nimeuandika kama alivyousema: "Mwambie Mama asiige ya mtu. Aandike na yake."

Ratiba nimezibandua ukutani, isipokuwa ya Moussa.

Khadija


Tshangalele
Ijumaa, 29 Agosti 2025

Dunia, mwanangu,

Nakuandikia wewe, kwa kuwa shangazi yako ana vumbi machoni.

Lebo zako hizi hapa, tisa, na nne za ndugu yako. Ya kwanza ilitetemeka, utaiona. Ya tisa imenyooka. Walimu wa huko hawatazisoma, kwa hiyo zibandike ndani, palepale pangu pa siku zote, na nje uandike wewe. Una mwandiko mzuri, nauangalia tangu zamani kuliko unavyojua.

Babu amelishika jalada lako tangu jana. Leo asubuhi aliitoa kalamu kwa mkono wa kushoto akajaribu D. Imelala chali kama mlevi wa Jumapili. Ameicheka mwenyewe, na ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwezi wa saba. Kisha akaniomba nimwonyeshe alif. Amesema yake na yangu sasa ziko sawa, tuanze pamoja.

Leo ni siku yako ya kusukwa. Usiende na haraka, mwambie msusi asikuvute mbele ya masikio, unaumwaga kichwa.

Nilikudanganya miaka sita. Sitakuagiza upande gari la Nicolas wala usilipande. Jumatatu saa moja asubuhi nitasimama mlangoni hapa nikielekea upande wa Likasi, kama nilivyosimama kila mwaka. Radhi yangu unayo. Ninaomba yako.

Mama


Likasi
Jumanne, 2 Septemba 2025

Mama,

Jana tuliamka saa kumi na moja. Tantine alitupikia chai na mikate, akaunguza ya kwanza. Moussa alisahau kiatu kimoja, tukarudi kutoka relini. Hakulia. Nilimshika hadi mlangoni kwa darasa lake, kisha nikavuka mimi peke yangu.

Lebo sikuzibandika ndani. Nimezibandika nje, juu ya buluu, zote tisa, na ile inayotetemeka iko kwenye daftari la Kifaransa. Jina nililoandika mimi ndilo liko ndani. Mwalimu wa Kifaransa alipita kwa meza akasimama, akauliza hii ni kitu gani. Darasa yote ikageuka. Nilisema ni jina yangu. Akauliza nani ameandika. Nilisema ni Mama. Akafungua jalada akaona nyingine ndani, akafunga, akaniambia niketi.

Saa moja nilikuwa bado sijafika darasani. Nilisimama ng'ambo ya reli nikaangalia upande wa ziwa, lakini kuna moshi na nyumba, haionekani kitu. Nilisimama tu.

Mwambie Babu D yake ya mkono wa kushoto ninaitaka. Aitume Ijumaa, hata kama imelewa.

Umeona nimeandika kwa herufi zako. Tantine alisaidia kushika karatasi. Usimpe Dada Jenny akusomee. Nimeandika kubwa. Kaa mlangoni usome weye mwenyewe, polepole, hadi kwa jina yangu.

Dunia